Kutoka Kaskazi Hadi Masika: Mwongozo Kamili wa Kaya za Visiwani kwa Joto, Bamvua na Vimbunga

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake na kuiacha ya Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shina la karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Tarehe 24 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita pembeni kidogo mwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, na siku ya pili yake kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kikabomoa nyumba nyingi za kisiwa cha Ibo, ambako watu husema Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Aprili 2021 Jobo alitutisha kisha akafifia kabla ya kufika. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya akaja moja kwa moja hadi Mafia.

Zitazame tarehe hizo. Zote ni Aprili au siku za mwanzo za Mei, katika maleleji, wakati upepo wa kaskazi umeshalegea na wa kusi haujashika. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, na Machi ikiisha bila tukio wengi wetu hujiambia kwamba mwaka huu tumesalimika. Ni hesabu ya hatari. Ni kweli kimbunga chaweza kuja mapema: Chido kiliivuruga Maore (Mayotte) tarehe 14 Desemba 2024. Lakini vilivyoigusa pwani yetu ya Waswahili, kutoka Unguja hadi Ngazidja, vimezoea kuja mwishoni, baada ya jua la kaskazi kuipasha bahari miezi mitatu minne mfululizo. Kimbunga hula joto la bahari. Kikikosa maji yenye nyuzi 26 au 27 hakikui. Machi maji yetu hufika nyuzi 29 na zaidi.

Kwa hiyo miezi ya joto ndiyo miezi ya kazi. Bahari imetulia, paa ni kavu, fundi anapatikana, mashua ya kuvusha mabati na saruji kutoka bara inasafiri bila wasiwasi. Masika ikishaanza, kupanda juu ya paa lililolowa ni kutafuta kuvunjika. Mwongozo huu unafuata kalenda hiyo: nini kifanyike Desemba na Januari, nini Februari na Machi, kisha nini cha kufanya tahadhari ikishatolewa. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi watu wa Mafia, Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, lakini wa Songosongo, Kilwa Kisiwani na Komoro wataona mengi yanawahusu.

Hatua ya kwanza (Desemba): jua maji yanafika wapi

Upepo huezua paa, lakini maji ndiyo huua watu wengi. Kimbunga husukuma bahari mbele yake, na maji hayo yakikutana na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda mahali ambapo hata wazee hawajapata kuyaona. Kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kutoka wakati wa bamvua hufika karibu mita 4. Maana yake, dhoruba ileile ikifika maji yametoka yaweza isiguse hata mizizi ya mnazi wa pwani, na ikifika maji yamejaa yaweza kuingia ndani ya nyumba.

Chagua bamvua moja kubwa, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada yake. Bamvua huku kwetu hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Nenda pwani saa hiyo na rangi au kisu, utie alama kwenye mti au ukuta pale maji yalipofika. Rudia Machi, maana bamvua za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa za mwaka. Sasa simama kwenye alama hiyo, utazame nyumba yako. Kama sakafu haijapita alama kwa kimo cha mtu mzima, hesabu kwamba siku ya kimbunga hulali hapo.

Basi tafuta mahali pa kulala. Mara nyingi ni shule, msikiti au nyumba ya ndugu ya matofali iliyo juu. Nenda ukaione kabla. Je, paa lake limefungwa? Lina choo? Nani anashika ufunguo usiku? Mwambie sheha au mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba yenu ina mtu asiyeweza kutembea, mjamzito, au mzee asiyeona, ili majina hayo yawe yameandikwa kabla ya siku yenyewe.

Walio kwenye visiwa vidogo kama Jibondo, Chole, Juani, Kojani au Kisiwa Panza wana swali la ziada: kuvuka au kubaki? Ushauri wangu ni kwamba anayevuka avuke siku mbili kabla, mchana, na wagonjwa na watoto kwanza. Siku ya mwisho usivuke. Bahari huchafuka saa nyingi kabla mvua haijaanza, na mashua iliyojaa watu wenye haraka ni hatari kuliko nyumba mbovu.

Hatua ya pili (Desemba na Januari): paa

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu paa likiondoka kuta hufuata, na mabati yanayoruka hukata watu. Maore mwaka 2024 mitaa mizima ya vibanda vya mabati ililala chini kwa asubuhi moja.

Upepo mkali hausukumi paa, hulinyanyua. Ukipita juu ya mgongo wa nyumba huvuta kwenda juu, na ukiingia chini ya upenu au kwa dirisha lililofunguka husukuma kutoka ndani. Hivyo kazi ya fundi ni kulifunga paa lisipande. Fuata mnyororo huu kutoka juu hadi chini: bati limeshikwa na papi (miti ya kulala inayopigiliwa bati), papi imeshikwa na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi imeshikwa na ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote havina kazi.

Anza na misumari ya bati. Panda juu asubuhi, jua halijawa kali, utazame kila kofia ya msumari. Ukiona doa jekundu linaloteremka kutoka kwenye kofia, ukilivuta bati kidogo kwa mkono utaona msumari unacheza. Chumvi ya baharini imeshaula shingo yake. Usiugongee urudi palepale. Ng'oa, ziba tundu, pigilia mpya pembeni yake, juu ya mgongo wa wimbi la bati na siyo bondeni. Kwenye kingo zote, yaani upenuni, kileleni na pembeni, weka msumari kila wimbi la pili. Katikati ya paa kila wimbi la tatu hutosha. Ncha ikitokeza chini ya papi, ikunje. Watu wengi huweka misumari sawasawa paa zima, lakini upepo huanza kuchana kwenye kingo na pembe, na huko ndiko misumari inakotakiwa kuwa mingi.

Kama unanunua mabati mapya, kumbuka kwamba geji ikiwa namba ndogo bati ni nene. Geji 28 ni bora sana kuliko 32, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari tofauti ya bei hujilipa.

Kisha papi na kenchi. Msumari mmoja uliopigwa wima hung'oka kama jino bovu. Funga kila makutano kwa utepe wa chuma au waya wa kufungia nondo uliosokotwa mara mbili, uzunguke papi na kenchi, ukazwe kwa koleo. Fundi atasema ni kazi nyingi. Ni kweli ni kazi nyingi, na ndiyo inayoamua kama mtabaki na paa.

Mwisho kenchi na ukuta. Nyumba ya matofali inayojengwa sasa iachiwe nondo zinazotoka kwenye linta zipande zishike boriti ya ukutani. Nyumba iliyokwisha kujengwa, toboa ukuta tofali tatu chini ya kenchi, pitisha waya mnene, uurudishe juu uikaze kenchi. Nyumba ya miti na udongo, funga boriti kwenye nguzo kwa kamba ya nailoni au waya, na hakikisha miguu ya nguzo haijaliwa na mchwa. Chimba kidogo uone.

Paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Likijengwa peke yake, upepo ukilichukua huliacha lile kubwa.

Makuti nayo yana namna yake. Paa la makuti lililosukwa kwa safu za karibu na mteremko mkali hustahimili kuliko wengi wanavyofikiri, kwa kuwa hupumua. Makuti yaliyokwisha kuoza yabadilishwe kabla ya Machi. Tahadhari ikitoka, tandaza wavu mkuukuu juu ya paa zima, ufungwe chini kwenye vigingi vilivyozama vizuri. Juu ya bati, watu huweka mawe. Tafadhali yaondoeni. Jiwe likianguka kutoka juu ya paa usiku wa dhoruba huua. Tumia mifuko ya mchanga iliyofungwa miwili miwili kwa kamba, mmoja upande huu wa mgongo wa paa na mwingine upande wa pili.

Malizia na minazi. Muite mkwezi aangushe madafu, nazi na makuti makavu ya kila mnazi unaoweza kufika nyumbani. Mwembe wenye tawi lililokufa juu ya chumba cha watoto ukatwe tawi hilo Januari, jua likiwaka.

Hatua ya tatu (kabla ya mvua za kwanza): maji ya kunywa

Visiwa vidogo vinaishi kwa maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Kaskazi ikiendelea bila mvua, na visima vikitekwa kutwa kucha, chumvi hupanda. Mtu wa Jibondo hahitaji kuelezwa. Februari ikifika, tekeni kidogo kidogo asubuhi na jioni badala ya kukausha kisima kwa mashine mara moja. Mashine yenye nguvu huivuta chumvi juu.

Paa la bati ni kisima kingine. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba, hivyo mvua moja ya milimita 20 huleta lita 960. Toa zinazopotea, utabaki na kama 770. Kaya ya watu sita wanaotumia lita 15 kila mmoja kwa kunywa, kupika na kuoga kidogo, hizo ni siku nane. Mfereji wa bati iliyokunjwa, bomba na tangi la lita 1,000 ni mali ambayo hulipa kila masika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachiwe imwagike dakika 10 au 15 ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uunganishe bomba. Tangi liwe na kifuniko na chandarua kwenye matundu, la sivyo utafuga mbu wa malaria na wa homa ya dengu.

Nyumba ya makuti haiwezi kutoa maji safi ya kunywa. Tandazeni turubali uwanjani kwenye fremu ya miti, lielekee ndooni.

Hatua ya nne (Februari na Machi): joto lenyewe

Tunalizoea joto hadi tunasahau kwamba linaua. Mchana wa nyuzi 32 au 33 hauonekani mkubwa kwenye karatasi, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili hupoa kwa jasho kukauka. Usiku nao haupozi. Mzee mwenye presha au kisukari, mtoto mchanga na mjamzito hufika siku ya tatu ya joto hilo wakiwa wamechoka kabla hawajaamka.

Kazi za jua, iwe shamba, ujenzi au mwani, zifanywe kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha zirudiwe saa kumi. Maji yanywewe kabla ya kiu. Anayetoka jasho sana anahitaji na chumvi kidogo: dafu, au maji ya kuchanganya nyumbani, yaani lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi. Anayefunga akichelewesha daku, akapunguza chai nzito na kunywa maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, atavuka siku vizuri kuliko anayejaza tumbo mara moja. Mgonjwa mwenye dawa za kila siku amuulize daktari mapema; ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo katika dini yenyewe.

Jua tofauti hii. Mtu anayetoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, anatapika, ngozi yake ni baridi: mlaze kivulini, mpe maji ya chumvi na sukari taratibu. Lakini mtu aliyechanganyikiwa, anayesema maneno yasiyoeleweka, mwili wake ukiwaka moto, huyo ubongo wake unapikwa. Usimnyweshe chochote. Mvue, mmwagie maji mwili mzima au mfunike leso iliyolowa, mpepee bila kuacha, na wakati huohuo wengine watafute usafiri wa hospitali. Kupoza kunaanza palepale alipoanguka.

Umeme usiuwekee tumaini lote. Unguja na Pemba hupata umeme kwa nyaya zilizolala chini ya bahari kutoka bara. Desemba 2009 waya wa Unguja uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010, kaskazi nzima, pampu za maji zikiwa zimesimama. Mwenye insulini nyumbani awe na mtungi wa udongo: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kilicholowa juu, mahali penye upepo. Haupozi kama friji, ila huweza kuiokoa dawa. Na dawa isitiwe majini moja kwa moja. Iwe kwenye mfuko.

Wakulima wa mwani, na wengi wao ni akina mama, wanajua kinachotokea Februari. Maji yakitoka, yale yanayobaki kidimbwini jua huyapasha hadi mguu unahisi. Mwani hubadilika rangi, ncha zake huwa nyeupe na laini, ukiugusa hukatika na kuelea. Mwani wa aina ya kotonii hufa kwanza, wa aina ya spinosamu huvumilia kidogo. Usisubiri kuona weupe. Vuna mapema kuliko kawaida, hata kama haujafikia uzito, na sehemu ya mbegu uihamishie kwenye maji yenye kina zaidi, ukiifunga kwenye kamba zinazoelea au nyavu za bomba. Inataka mashua na watu wa kusaidiana, ndiyo sababu vikundi hufanikiwa na mtu mmoja hushindwa. Masika ikiingia hatari nyingine huja: maji ya mvua hupunguza chumvi ya bahari ya pwani, na mwani uliovunwa ukinyeshewa hupoteza thamani. Anikeni juu ya chanja, turubali likiwa karibu.

Hatua ya tano: kuzisoma taarifa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila siku utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, kwa ngazi tatu. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Mvuvi wa ngalawa asingoje nyekundu. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ambavyo mara nyingi hutolewa kama angalizo tu, vinatosha kuizamisha.

Vimbunga vya bahari yetu hufuatiliwa na kituo cha kikanda kilichopo La Réunion, na dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa. Hivyo ukisikia jina, jua kitu kimeshakuwa kikubwa. Usishughulike na mstari mwembamba wa njia yake kwenye ramani. Mstari huo ni makadirio ya kitovu. Upepo, mvua na mawimbi hufika mamia ya kilomita pembeni. Sikiliza redio, na picha za WhatsApp zisizo na tarehe usizisambaze. Kila kimbunga huja na picha za kimbunga cha nchi nyingine.

Hatua ya sita: siku tatu kabla

Siku ya kwanza ni ya vyombo. Mei 2024 boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa Hidaya akikaribia. Meli kubwa zikisimama, mashua haina la kujadili. Ngalawa ipandishwe juu kabisa, kupita alama yako ya bamvua, matengo ya pembeni yafunguliwe, mlingoti na foromali (mti wa tanga) vishushwe, chombo kijazwe mchanga kidogo na kufungwa kwenye mti mzima pande zote mbili. Mashua na jahazi visivyopandishika viingizwe kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, vifungwe kwa kamba ndefu kwenye mikoko mingi, nanga mbili zikitazama pande tofauti. Mashine itolewe, iwekwe nyumbani.

Kwa nini pande tofauti? Kwa sababu upepo wa kimbunga hugeuka. Kusini mwa ikweta huzunguka kama mshale wa saa. Kimbunga kikitoka mashariki kuja kwetu, upepo wa kwanza huwa wa kusini. Kitovu kikipita kaskazini mwako, upepo utageuka uwe wa mashariki, kisha wa kaskazini. Kikipita kusini mwako, utageuka uwe wa magharibi. Chombo kilichojificha vizuri jioni kinaweza kuwa wazi kabisa usiku wa manane. Ukitaka kujua kitovu kiko wapi, simama ukiupa upepo uso: kipo mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo. Upepo ukiwa wa mashariki na unazidi, kitovu kiko kaskazini mwako, nawe uko upande mkali zaidi.

Siku ya pili ni ya nyumba: wavu juu ya makuti, mifuko ya mchanga juu ya bati, madirisha yapigiliwe mbao, ndoo zote zijazwe. Unga, mchele, tende, mkaa na kiberiti viwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Vitambulisho, vyeti, kadi ya kliniki na dawa za wiki mbili viingie kwenye mfuko wa plastiki ufungwe kabisa. Simu na betri zichajiwe. Toeni pesa taslimu kidogo, kwa kuwa mtandao ukikatika wakala hana msaada. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba na kupelekwa juu. Mnyama aliyefungwa hufa palepale alipofungwa.

Siku ya tatu ni ya kuhama kwa miguu, mchana; wa kuvuka bahari wawe wameshavuka.

Hatua ya saba: upepo ukishafika

Kaeni chumba cha ndani kisicho na dirisha kubwa, chini ya meza imara au kitanda cha mbao, umeme wa nyumba ukiwa umezimwa. Msilifuate bati lililoruka. Maji yakianza kuingia, tokeni mapema kuelekea juu mkishikana. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima.

Upepo ukikata ghafla na nyota zikaonekana, msitoke. Hilo ni jicho. Baada ya dakika chache, au hata saa nzima, upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile, na hukuta watu wako nje wanaokota mabati. Tokeni redio ikisema kimepita, au upepo ukipungua pole pole kwa saa kadhaa.

Hatua ya nane: siku za baada

Usiguse waya wowote uliolala chini wala dimbwi linalougusa. Vaa viatu, misumari imetapakaa. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, na mwenye kidonda cha msumari aende akachomwe sindano ya pepopunda.

Maji yote yachemshwe, au yatiwe vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza na yasubiriwe nusu saa. Vyoo vimefurika, na kipindupindu hufuata: baada ya Kenneth kilizuka katika mji wa Pemba wa Msumbiji ndani ya siku chache. Anayeharisha maji kama ya mchele apewe maji ya chumvi na sukari tangu dakika ya kwanza na apelekwe kituo cha afya.

Dhoruba hutupa viumbe pwani, na njaa huwa kubwa. Kasa asiliwe hata kidogo. Nyama yake yaweza kuwa na sumu ambayo haitoki kwa kupika; Machi 2024 watu tisa wa Kisiwa Panza, wanane wao watoto, walifariki kwa kuila.

Mabati yaliyokunjika yanyooshwe na kutumika kwenye jiko au banda la kuku, yasirudi juu ya nyumba na matundu yake ya zamani. Mashamba yaliyoingiwa na maji ya bahari yasipandwe haraka. Acha mvua za masika zilizobaki zioshe chumvi, kisha jaribu kipande kidogo cha muhogo kabla ya kupanda shamba zima.

Kisima kilichoingiwa na bahari usikikaushe kwa mashine kwa haraka ya kutaka maji matamu, utaivuta chumvi zaidi. Teka taka na matope kwa ndoo, mwite afisa afya akitie dawa, kisha kila wiki onja kidogo na uteme. Mpaka kionje sawa, maji yake ni ya kufulia tu, na ya kunywa ni yale ya tangi.